Mimba Inayoanzia Sebuleni

(Hii ni hotuba niliyoitoa Jumapili alasiri jijini Ankara mbele ya wanafunzi na familia zinazozungumza Kiswahili. Walioshindwa kufika wameiomba, nami naiweka yote kama nilivyoisema, isipokuwa zile dakika nilizosimama kumtuliza mtoto aliyekuwa akikimbiza puto.)

Mama zangu, baba zangu, dada na kaka, na nyinyi wadogo zangu mlioletwa hapa kwa ahadi ya pilau: asalaam alaikum, Bwana asifiwe, habari za mchana.

Mwenyekiti amenipa mada ndefu kama treni ya kwenda Kars: mimba za utotoni na sababu zake za kijamii na kiuchumi katika nchi za Kituruki. Kisha akanipa nusu saa. Kwa hiyo nitapita pengine kwa mwendo wa basi la mkoani, na pengine nitashuka kabisa tukae.

Kwanza tuelewane. Ninaposema nchi za Kituruki sisemi Uturuki peke yake. Sisi wenye lugha za Kibantu tunajuana kwa maji: Mswahili husema maji, Mrundi na Mnyarwanda husema amazi, Mganda amazzi. Na hawa ni hivyo hivyo. Mturuki husema su, wa Azerbaijan su, wa Kazakhstan su, wa Kirgizia suu, wa Uzbekistan suv. Ongezeni na Turkmenistan. Lugha ni ndugu, na mila za harusi nazo ni ndugu, ingawa serikali, sheria na mifuko imetofautiana sana.

Sasa nawauliza. Mkisikia "mimba ya utotoni", mnaona picha gani? Semeni kweli. Mnaona sare ya shule, kijana wa bodaboda na sahani ya chipsi. Ndiyo picha tuliyolelewa nayo. Mimba inapatikana kichochoroni, halafu nyumbani panawaka moto.

Picha hiyo iwekeni chini. Katika nchi hizi nyingi, na hasa vijijini, mimba ya binti wa miaka 16 haianzii kichochoroni. Inaanzia sebuleni. Inaanzia kwenye zulia, kwenye chai, kwenye mazungumzo ya wazee wawili waliovua viatu mlangoni. Binti ameposwa, mahari yametajwa, ngoma imepigwa. Mimba yake haimshtui mtu. Inasubiriwa! Ikichelewa miezi minne, majirani wanaanza kuulizana kwa pembeni.

Na msione ni mambo ya mbali. Mturuki husema nikâh, sisi nikaha. Yeye husema mehir, sisi mahari. Yeye husema ayıp, sisi aibu. Maneno haya tumeyachota kisima kimoja cha Kiarabu, wao kwa ndoo yao na sisi kwa yetu.

Nitawasimulia kisa. Nilipokuwa nasomea ukunga nilipelekwa mafunzo ya vitendo kusini-mashariki, mkoa wa Şanlıurfa. Siku moja akaingia binti mjamzito na mama mkwe wake. Nikamuuliza binti umri wake. Mama mkwe akajibu: kumi na nane. Nikamuuliza hedhi ya mwisho aliiona lini. Mama mkwe akajibu, na tarehe akaitaja. Nikamuuliza binti kama mtoto anacheza. Mama mkwe akajibu: anacheza.

Jamani! Anacheza tumboni mwa nani?

Mkunga mkuu, mwanamke mwenye nywele za mvi na maneno machache, akamwomba yule mama aende dirishani akatoe nakala ya kitambulisho. Dirisha lilikuwa ghorofa ya chini. Mlango ulipofungwa tu, binti akasema: naumwa kichwa wiki nzima, na macho yanaona vimulimuli. Tukampima presha. Ilikuwa juu. Wale mnaosomea uuguzi mmeshaelewa: hizo ni dalili za kifafa cha mimba. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba wasichana wa miaka 10 hadi 19 wamo katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua kuliko wanawake wa miaka 20 hadi 24, na watoto wao huzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Lakini siku ile hatari haikuwa presha peke yake. Hatari ilikuwa kwamba aliyeumwa kichwa hakuwa na zamu ya kusema. Aliwahishwa hospitali ya mkoa jioni ile ile.

Ndiyo maana leo nitauliza swali moja mara nyingi. Wazee wameulizwa, imamu ameulizwa, mwanasheria ameulizwa. Na binti je?

Nianze na karatasi.

Uturuki ina sheria ya ndoa iliyo wazi. Sheria ya Kiraia iliyoanza kutumika Januari 2002 iliweka umri mmoja kwa wote: mtu awe ametimiza miaka 17, na mahakama inaweza kuruhusu kwa sababu maalumu aliyetimiza 16. Kabla ya hapo msichana aliweza kuolewa akiwa na 15. Azerbaijan nayo mwaka 2011 ilimtoa msichana kwenye 17 ikampeleka 18, na mwaka 2024 ikaziba hata ule mwanya wa kupunguza mwaka mmoja. Uzbekistan ikafanya hivyo 2019, kutoka 17 hadi 18. Ukisoma vitabu vyao vya sheria utasema kazi imekwisha.

Lakini sebuleni hapaingii kitabu cha sheria. Sebuleni anaingia imamu. Nikaha inasomwa, watu wanaitikia amina, binti anahama. Afisa wa ndoa wa manispaa? Huyo ataonwa baadaye, umri ukitimia, pengine mtoto wa kwanza akiwa ameshaota meno. Na wapo wanaougeuza umri wenyewe: familia inakwenda mahakamani kudai kuwa binti alichelewa kuandikishwa, aongezewe miaka. Waturuki wana jina kabisa la jambo hilo, yaş büyütme, kukuza umri. Mtoto anakuzwa kwa muhuri!

Zamani imamu aliyefungisha nikaha kabla ya ndoa ya serikali alikuwa anatenda kosa la jinai. Mei 2015 Mahakama ya Katiba ya Uturuki ikaifuta adhabu hiyo. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: watu wazima wawili wanaoishi pamoja bila ndoa yoyote hawashtakiwi, kwa nini wanaosomewa nikaha washtakiwe? Kwa watu wazima naielewa hoja hiyo. Na binti je? Kwake yeye ile adhabu ilikuwa kitasa, hata kama kilikuwa kibovu. Kirgizia ilikwenda njia ya pili. Novemba 2016 ilipitisha sheria kwamba anayemfungisha mtoto nikaha anakwenda jela, na haikuishia kwa mwenye kusoma nikaha. Iliwataja na wazazi. Mimi nikiulizwa nachagua njia ya Kirgizia, ingawa najua polisi wa kijijini huko naye ni mjomba wa mtu.

Novemba hiyo hiyo, hapa Ankara, kulikuwa na jambo ambalo baadhi yenu mliokuwapo mnalikumbuka. Chama tawala kilipeleka bungeni muswada: mwanamume aliyehukumiwa kwa kulala na mtoto, ikiwa hakutumia nguvu wala vitisho, na ikiwa amemwoa yule binti, hukumu yake iahirishwe. Serikali ikaeleza kuwa kuna familia zipatazo 3,000 ambazo baba yuko gerezani na mama mdogo amebaki na kichanga. Tusiwe wepesi wa kucheka. Familia hizo zilikuwepo, na njaa yao ilikuwa ya kweli. Lakini angalieni mtego wake: ukishamwoa, kosa limekuwa posa. Wanawake wakamiminika barabarani, Istanbul na hapa. Hata KADEM, jumuiya ya wanawake ambayo binti wa Rais mwenyewe alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ikaupinga. Tarehe 22 Novemba waziri mkuu akaurudisha kwenye kamati, na hapo ukafa.

Halafu Januari 2018 zikatoka habari za hospitali moja ya Istanbul. Sheria ya nchi inamtaka mtumishi wa afya anayekutana na dalili za kosa atoe taarifa. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini hapo alikuwa amegundua kwamba ndani ya miezi mitano tu ya mwaka 2017 walipita wajawazito 115 walio chini ya miaka 18, na taarifa hazikufika kwa wahusika. 39 kati yao walikuwa Wasyria. Istanbul, ndugu zangu! Sizungumzii mlimani. Mabinti 115 walipanda lifti, walipimwa uzito, walipigwa picha za tumbo, wakaandikwa majina. Walionekana na kila mtu.

(Hapa mama mmoja aliguna kwa sauti, nami nikanyamaza kidogo.)

Sasa tushuke kwenye basi, maana hapa ndipo ninapotaka tukae. Nitawasimulia habari ya kengele ya shule.

Mpaka mwaka 1997 elimu ya lazima Uturuki ilikuwa miaka 5. Mtoto akimaliza darasa la tano ana miaka 11, basi, deni lake kwa serikali limekwisha. Mvulana akiendelea ni heri. Msichana wa kijijini alirudi nyumbani kusuka mazulia na kungojea. Agosti 1997 Bunge likapitisha sheria: miaka 8, kwa wote. Mnadhani walikaa wakasema, tuwaokoe mabinti? Hata kidogo! Ulikuwa ugomvi wa wakubwa. Jeshi na wanasiasa wa wakati ule walitaka kuzifunga ngazi za kati za shule za kidini, zile za imam-hatip, na njia waliyoiona ni kulazimisha miaka 8 mfululizo ya shule ya kawaida. Wengine waliilaani sheria ile, na sababu zao wanazo mpaka leo. Siwezi kuamua ugomvi huo nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Lakini sheria ikishapita inataka madawati. Yakajengwa madarasa, yakaongezwa mabweni, yakapelekwa mabasi madogo ya kuwachukua watoto wa vijiji visivyo na shule. Wanawake waliomaliza darasa la nane wakaongezeka sana. Miaka ikapita, wale watoto wakakua, wachumi wa Uturuki wakakaa kuhesabu. Wakakuta nini? Uwezekano wa msichana kuwa ameolewa kufikia miaka 16 ulishuka kwa asilimia 44. Uwezekano wa kuwa amezaa kufikia miaka 17 ulishuka kwa asilimia 36.

Nirudie? Nirudie. Asilimia 44. Asilimia 36. Na hakuna aliyekwenda kijijini kuwahubiria wazee! Dini yao ilikuwa ile ile, mila yao ile ile, zulia la sebuleni lile lile.

Tena kuna fumbo ndani yake. Darasa la nane mtoto anamaliza ana miaka 14. Mbona basi athari imefika mpaka 16 na 17, wakati kengele ilishanyamaza? Nawapa jibu langu, si la wachumi. Sare ya shule ni tangazo. Inawaambia wenye kuposa: huyu bado. Binti aliyeivua akiwa na miaka 11 huonekana kigori mapema, na kila Eid kuna mgeni anayemtazama mara mbili. Aliyeivua akiwa na miaka 14 ameshajifunza kusoma karatasi ya dawa, kupanda basi peke yake, kumjibu mwalimu wa kiume. Mtu wa namna hiyo hata sebuleni ni vigumu kumpitisha bila kumuuliza.

Baadaye zikaja juhudi zilizowalenga mabinti hasa. Mwaka 2003 Wizara ya Elimu na UNICEF walianzia mkoa wa Van, mashariki, kampeni ya Haydi Kızlar Okula, yaani haya mabinti, twendeni shule. Mwaka huo huo familia maskini zikaanza kulipwa fedha kwa sharti mtoto ahudhurie; msichana akilipiwa zaidi ya mvulana, na fedha zikipewa mama. Huyo aliyepanga hivyo aliishi kijijini, nakwambieni. Fedha ikipitia kwa mama inakuwa madaftari; ikipitia kwa baba, aah, baba zangu mtanisamehe.

Matokeo yake yamo kwenye takwimu za taifa. Mwaka 2001, katika kila wasichana 1,000 wa miaka 15 hadi 19, waliozaa walikuwa 49. Mwaka 2023 walikuwa 11. Ila wastani ni kama kivuli cha mbuyu, kinaficha vingi: mikoa ya Ağrı, Muş na Şanlıurfa bado iko juu ya Istanbul na Ankara kwa mbali. Na tundu limeachwa. Mwaka 2012 elimu ya lazima ilifikishwa miaka 12, lakini ile minne ya mwisho inaweza kusomwa kwa mbali, kwenye shule huria. Na mwanafunzi wa sekondari akiolewa huondolewa darasani, akahamishiwa huko huria. Kwenye karatasi yumo shuleni. Kwa kweli yumo jikoni.

Tusijitie usafi. Sheria yetu ya ndoa Tanzania, ya mwaka 1971, inamruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu iliikataa mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Wanasheria mliomo humu mnajua lililofuata, au lisilofuata.

Nigusie mfuko, kwa sababu watu husema "ni mila" wakasahau kuuliza mila hiyo inalipia nini.

Wasyria waliokimbilia Uturuki walifika kupita milioni tatu na nusu. Utafiti mkubwa wa uzazi wa mwaka 2018 ulikuta kwamba miongoni mwa wasichana wa Kituruki wa miaka 15 hadi 19, asilimia 4 walikuwa wamezaa au wajawazito. Miongoni mwa Wasyria waliomo nchini, asilimia 39. Je, Msyria anawapenda binti zake kidogo kuliko Mturuki? La. Baba aliyekuwa na duka Aleppo sasa anabeba matofali. Ana mabinti watatu kwenye chumba kimoja na mlango usiofungika vizuri. Akija mtu na kusema nitamtunza, baba anasikia neno moja tu: mlango. Anaona ameongeza ulinzi na amepunguza sahani. Kosa ni kosa, silitetei. Ila ukimpelekea bango la "acha ndoa za utotoni" bila kodi ya nyumba, amekusikia nusu.

Kirgizia hapana vita, pana safari. Vijana na wazazi wako Urusi wakifanya kazi. Kuna miaka ambayo fedha zinazotumwa nyumbani zimekaribia theluthi ya pato la taifa. Mabinti wanabaki kwa bibi. Na bibi wa miaka 70 anahofia nini? Anahofia kufa kabla hajamkabidhi mjukuu kwa mtu. Huko pia kuna ala kachuu, kumteka msichana ili aolewe. Adhabu yake iliongezwa mwaka 2013, na bado akilala usiku mmoja tu nyumba ile, mara nyingi watu wake wenyewe humwambia abaki.

Uzbekistan shida ina sura nyingine. Bi harusi anaitwa kelin, na kelin ni mikono miwili mipya: huamka wa kwanza, hufagia ua, hupika, huinama kusalimia wakwe. Mwaka wa kwanza unatarajiwa mtoto. Binti akimaliza shule ana miaka 17 au 18, na mwaka 2016 nafasi za vyuo vikuu zilitosha kijana mmoja tu katika kila 11 hivi. Sasa mngetaka akae afanye nini, ahesabu nyota? Tangu hapo vyuo vimefunguliwa kwa wingi, na mwaka 2022 serikali ikaanza kuwapa wanafunzi wa kike mikopo isiyo na riba na kuwalipia shahada ya pili. Hiyo ndiyo hotuba ambayo baba anaielewa: kuna kiti, na kimelipiwa.

Kazakhstan nitapita haraka. Huko mijini ndiko ile picha yetu ya kwanza inaporudi, mimba nje ya ndoa. Neno kubwa huko ni uyat, aibu, na linatosha kumfanya binti afiche tumbo mpaka mwezi wa saba. Sheria yao ya afya ya mwaka 2020 imeruhusu aliyetimiza miaka 16 kupata huduma za afya ya uzazi bila saini ya mzazi, isipokuwa kutoa mimba. Kabla ya hapo ilibidi mama asaini kwanza, yaani aulizwe yule yule anayeogopwa.

Dakika zangu zimekwisha, mwenyekiti ameshaangalia saa mara ya tatu. Wanafunzi wa ukunga, nawapa kazi ya Jumatatu. Mjamzito mdogo akiingia na mtu wa kumjibia, tafuteni kazi ya kumtuma huyo mtu. Nakala ya kitambulisho, maji ya kunywa, lolote, mradi dirisha liwe ghorofa nyingine. Kisha kaeni chini, mkae kimya, mpaka binti aanze.

Sasa maswali. Yule mama wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja mahari, aanze yeye.